PCM, nipo Kigoma: umeme, mitambo au ujenzi?

Kijana_Kibirizi
Wakuu, salaam. Nimemaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), nataka kuomba uhandisi. Vinavyonivutia ni taa za sola za wavuvi wa dagaa na injini za boti. Nyumbani wananisukuma niende ujenzi kwa sababu ya reli mpya. Hisabati naimudu ila si kipanga. Nichague nini?

Volti12
Mdogo wangu, jipime kwa taa hizo hizo. Taa ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 5. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali wa mita 10, umeme unapita mita 20, kwenda na kurudi. Ukinzani ni kama omu 0.23, kwa hiyo volti 1.2 hivi zinaishia njiani. Taa inafifia, lawama inaenda kwa betri. Weka waya wa milimita za mraba 4, upotevu unashuka hadi volti 0.44. Kagua na viungio pia, maana unyevu wa ziwani unaotesha kutu ya kijani kwenye shaba, nao ni ukinzani mwingine.

Shika maltimita, pima kwenye betri, kisha kwenye taa ikiwa inawaka. Ikizimwa hakuna mkondo, kwa hiyo huoni upotevu wowote. Wengi hukosea hapo. Ukiona huwezi kulala mpaka ujue kila volti imeenda wapi, omba umeme.

Gia_na_Shafti
Ajipime na injini pia. Injini ya boti ikiacha kurusha ule mchirizi wa maji pembeni, zima hapo hapo. Mara nyingi ni taka zimeziba tundu, au mapezi ya mpira ndani ya pampu yameisha. Mchanga wa maji mafupi unayala, na kuwasha injini nchi kavu kunayaunguza kwa dakika chache tu. Kama swali lako ni "kwa nini mpira na si chuma?", mitambo inakufaa. Ulizia na uhandisi wa meli, Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI).

Kijana_Kibirizi
Asanteni sana. Na ujenzi?

Zege_Safi
Reli isikuchagulie kozi. Mradi una mwisho, kazi ni ya miaka 40. Ujenzi ni wa mtu anayekereka akiona fundi anaongeza maji ili zege lilainike: mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5 ni lita 25 za maji, yakizidi yanaacha vitundu na nguvu inashuka.

Volti12
Hisabati usiiogope, lakini usiiache ilale: rudia kalkulasi, vekta na namba changamano kabla ya kufungua chuo, kwa sababu umeme wa mkondo geu (AC) wote unasimama hapo. Shahada ni miaka 4, kisha mafunzo kazini ya wahandisi wahitimu (SEAP) miaka 3 kuelekea usajili wa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kabla ya kutuma maombi, hakikisha kozi unayoiomba inatambuliwa na ERB.