Tupeane uzoefu: Kitulo kwa gari msimu wa maua, wewe na rafiki yako

Mwanzisha mada

Wakuu, heshima kwenu. Mvua za kwanza zikishadondoka Nyanda za Juu Kusini, maswali huwa yaleyale: watu wawili, gari moja, siku tatu au nne, wanataka kwenda kuona maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Naomba kila anayeijua safari hii aweke anachokijua kwa undani. Visa vya "mimi nilipita" tuviache, tuandike kitu ambacho mtu atakitumia akiwa njiani.

Naanza na njia. Kutoka Mbeya unafuata barabara kuu ya kwenda Dar hadi Chimala, kama kilomita 78. Hapo unakata kulia kuelekea Matamba, yaliko makao makuu ya hifadhi. Ukuta wa mlima unaouona mbele yako ndio wenye kona 57, na barabara yenyewe inaitwa hivyohivyo, Hamsini na Saba. Juu yake ndiko kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone.

Mwezi ndio unaoamua kila kitu. Maua hukolea Desemba hadi Aprili, na mvua nayo ni miezi hiyohiyo. Septemba hadi Novemba ni jua zuri la kutembea ila maua ni machache. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Kwa gari la kawaida ningesema mwanzoni mwa Desemba: maua yameanza, na ardhi bado haijalowa hadi ndani.

Fundi, Uyole

Wengi wanauogopa mlima huu kwa kupanda. Hatari iko kwenye kushuka.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 3 (limeandikwa kwenye chupa) yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya maji hushuka hadi 140 hivi. DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka mguu ukiwa juu ya pedali muda wote, diski inapata moto, moto unaingia kwenye kalipa, ile inayobana pedi, mafuta yanachemka na kutoa mapovu. Mafuta hayabonyei, povu linabonyea. Ndiyo maana pedali inazama hadi chini na gari bado linakwenda. Kwa hiyo mafuta yakishapita miaka miwili, au yakigeuka rangi ya chai ya rangi, mwaga yote uweke mapya na utoe upepo kwenye breki za magurudumu yote manne. Pedi ikibaki milimita 3, badilisha. Kama nyuma ni ngoma, fungua, pangusa vumbi, rekebisha shuu. Handbreki ijaribu kwenye mwinuko, gia ikiwa huru: ishike gari peke yake.

Halafu mfuniko wa rejeta. Ufungue asubuhi injini ikiwa ya baridi, ugeuze utazame ule mpira wa chini. Ukiwa umekakamaa au una mpasuko, nunua mwingine wenye namba ileile iliyoandikwa juu yake, 0.9 au 1.1. Kidude hiki kinadharauliwa sana. Kazi yake ni kubana mvuke ili maji yachelewe kuchemka. Kule juu maji ya wazi yanachemka karibu na nyuzi 91, kwa hiyo mfuniko unaovuja kidogo bila kukusumbua mjini utakuchemshia injini mlimani. Kulanti nusu, maji nusu.

Dereva wa lori za viazi

Fundi kamaliza gari, mimi naongeza uendeshaji.

Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukifika uwandani, karibu robo ya nguvu haipo. Zima AC tangu chini. Gia chagua kabla ya kuingia kona. Ukibadilisha katikati, gari linakata mwendo, tairi za nyuma zinaanza kusaga kokoto na klachi inaungua. Kona nyingi ni za gia namba mbili. Ukisikia injini inakaba, rudi moja mapema. Piga honi kabla ya kila kona usiyoiona mwisho wake.

Kanuni ya mlimani ni kwamba anayepanda anapishwa. Ila lori lenye magunia likija kutoka juu usibaki unadai haki yako: jibane upande wa ukuta wa mlima, siyo upande wa bonde, kwa sababu ukingo wa bonde ukilowa humeguka.

Kushuka ni gia ileile uliyopandia. Breki ikanyage kwa nguvu na kwa muda mfupi, gari likipungua mwendo uiachie ipoe. Ukisikia harufu ya kitu kinaungua, simama. Usivute handbreki ngoma zikiwa na moto, inaweza kung'ang'ania. Weka gia, jiwe nyuma na mbele ya tairi, subiri nusu saa. Usimwagie maji, diski itapinda au kupasuka.

Mdau

Na kama gari ni otomatiki, tena si foo-wili?

Fundi, Uyole

Linapanda, njia ikiwa kavu. Kushuka usiliache kwenye D. Kama gia lina kile kitufe pembeni, kibonyeze mpaka taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi, kisha shusha hadi 2, na kona kali zaidi L. Yenye CVT, yaani giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, tumia S au B, kulingana na ilivyoandikwa. Ikinyesha siku mbili mfululizo, acheni gari chini, pandeni na gari za abiria za Matamba. Kuukubali ukweli huu kunaokoa fedha nyingi.

Dereva wa lori za viazi

Niongeze kuhusu tope. Punguza upepo wa tairi kutoka PSI 32 hadi 24 hivi, tairi itapanuka na kushika. Beba pampu ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara ili uurudishe kabla ya njia ngumu. Tairi ikianza kuzunguka bure achia mafuta palepale, kila mzunguko unachimba shimo. Chepe, kamba ya kuvutia, na mikeka ya miguuni ya kuweka chini ya tairi.

Mdau wa Makete

Naomba nimseme huyo rafiki, maana watu humchukulia kama abiria. Safari hii mwenzako ndiye utingo. Geji ya joto ni kazi yake, macho ya dereva yako kwenye kona. Palipo na dimbwi anashuka, anapima kwa fimbo, anatembea njia ambayo tairi zitapita. Gari likisimama mwinukoni, jiwe liko mkononi mwake kabla dereva hajaachia breki. Kama naye ana leseni, badilishaneni pale juu kwenye tambarare, kamwe si katikati ya kona. Na mmoja akianza kuumwa kichwa kwa sababu ya urefu wa mlima, anywe maji, apumzike, asishike usukani.

Nguo: kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita na kitu. Chimala mnatokwa jasho, juu mnahitaji sweta, koti la mvua na viatu vya tope. Maharage chemsheni kabisa nyumbani. Kule juu yatawamalizia gesi bila kuiva. Mchele nunueni Chimala, viazi juu.

Mtembeza wageni

Ukifika, shuka garini upesi. Kupitia dirishani utaona mashada mekundu na ya njano yaliyosimama juu ya nyasi, lakini okidi, na hapa kuna zaidi ya aina 40, nyingi ziko usawa wa goti. Piga magoti, sogeza nyasi kwa mkono, utaona shina moja jembamba na vijiua vimejipanga kuzunguka, kimoja hakizidi ukucha. Ukungu mara nyingi hutanda mchana, kwa hiyo toka asubuhi.

Usichume, na usichimbe. Viazi vya okidi vilichimbwa kwa magunia kupelekwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi hivyo, na hilo ni sehemu ya sababu eneo likapewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kiingilio lipeni kwa kadi au namba ya malipo mkiwa bado mna mtandao mzuri, taslimu msitegemee. Mafuta nayo jazeni Chimala.

Mwanzisha mada

Wa kurudi je? Kona zote 57 tena?

Dereva wa lori za viazi

Kama njia ni kavu, pitieni Kikondo mtokee Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Isyonje yenyewe iko juu, mteremko mrefu mtaukuta kwenye lami. Udongo wa upande huo unateleza kama sabuni ukilowa, kwa hiyo waulizeni madereva waliotoka huko asubuhi ileile, siyo jana.