Maabara za umma zilazimishwe kuachana na kaunta buku?

Mleta hoja: Wakuu, salaam. Huko Marekani, NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, iliwapa watafiti wake wa ndani hadi 30 Juni 2024 wawe wamehamia kwenye daftari la maabara la kielektroniki. Hapa Dar bado nakutana na kaunta buku juu ya benchi. Mimi nasema maabara zinazokula hela za umma zilazimishwe.

Kuna ukurasa niliwahi kuletewa nikague. Umeandikwa 5 ml juu ya wino mweupe wa kufutia. Ukiuinua kwenye mwanga, chini yake inasomeka 0.5. Utaratibu unajulikana: unakata mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, unaweka sahihi na tarehe. Wangapi wanafuata? Mfumo mzuri wa kielektroniki unatunza wenyewe nani kabadili, saa ngapi, na kilichokuwepo kabla.

Mchangiaji 1: Mkuu, unaishi Dar ipi? Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Kaunta buku haikuyumba. Halafu una glavu zenye kemikali, kibodi unaigusaje?

Mleta hoja: Unazivua, kama unavyozivua kushika kalamu. (Au huwa huzivui?) Intaneti si lazima. Kuna eLabFTW, programu huria iliyozaliwa Institut Curie, Paris. Unaisimika kwenye seva ya chuo, inafanya kazi kwa mtandao wa ndani hata kebo ya baharini ikikatika. Na umeme, friji ya nyuzi -80 ya sampuli si ina jenereta? Seva ichomekwe hapo hapo.

Mchangiaji 2: Mi naogopa zile za kulipia kwa dola. Ufadhili ukiisha, kazi yako yote iko kwenye seva ya watu, nje ya nchi. Zikiwemo taarifa za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kuzitoa nje.

Mchangiaji 1: Na hiyo ya bure, nani anachukua nakala rudufu kila usiku? Programu ni bure, mtu wa TEHAMA si bure. Mradi ukifungwa, anaondoka nao.

Mleta hoja: Hapo umenibana. Basi agizo liende na ajira: mtu wa seva wa kudumu, alipwe na chuo, si mradi. Bila hiyo, hata mimi nalipinga.