Naomba ushauri: binti anataka uhandisi, mjomba wake hataki

Hamjambo wapendwa. Niko Umoja, Nairobi, nauza mboga. Binti yangu yuko gredi ya tisa na inabidi achague mkondo wa sekondari pevu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Yeye ameshaamua, STEM. Juzi redio yangu ilinyamaza. Akaifungua kwa bisibisi pale mezani, akakuta waya umekatika karibu na betri, akaulehemu (chuma alikiazima wapi, sijui) na jioni tukasikiliza taarifa ya habari.

Shida ni kaka yangu, na ndiye mlipa karo. Anasema uhandisi ni kazi ya wanaume, heri awe mwalimu. Nikamtajia Wangari Maathai, aliyepata uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Akanijibu, "Huyo alikuwa Wangari."

Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Na kuna mahali huku Eastlands wanafunza watoto kompyuta wakati wa likizo, kwa bei ya mama mboga? AkiraChix (wanafunza wasichana kompyuta) naijua, ila wao huchukua waliomaliza sekondari. Mwenye binti fundi au mhandisi anijibu tafadhali, hata usiku.