Gari nililoliunganisha mwenyewe linavuta kushoto nikikanyaga mafuta, nifunge tairi gani?

Viti_Viwili
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba uwe wa haraka maana Jumapili haiko mbali.

Nina gari dogo la michezo, mtindo ule wa Lotus Seven. Lilikuja vipandevipande nikaliunganisha mwenyewe. Fremu ni mabomba ya chuma, ubavuni bati za aluminiamu zilizopigwa riveti. Injini ni Ford Kent lita 1.6, kabureta mbili za Weber. Nyuma nimefunga eksele nzima iliyotoka kwenye Ford Escort. Uzito kilo 560. Milango halina, redio halina, ABS ndiyo usiulize.

Tatizo: nikikanyaga mafuta linavuta kushoto, nikiachia linarudi kulia. Si sana, lakini mikono inajua. Mwanzo halikuwa hivi. Tairi zimezeeka na mpira umekakamaa, kwa hiyo shida iko hapo. Alaimenti nimepima: mbele safi, nyuma kushoto kemba (mwegemeo wa gurudumu) chanya digrii 1.5, kulia sifuri. Aliyepima akasema niendeshe tu.

Swali langu ni moja. Nifunge tairi laini za uwanjani au za barabarani za kawaida? Jumapili naingia nalo kwenye uwanja wa mbio na kiti cha pili anakaa baba mkwe. Kaomba mwenyewe, nimeshaitikia.

Mpenda_Kona
Upepo umejaza ngapi?

Viti_Viwili
32, mbele na nyuma.

Mpenda_Kona
Hapo ndipo ulipojimaliza. 32 ni ya gari la familia lenye uzito mara mbili ya hilo. Magari haya wengi tunaanzia 18 hadi 20, tairi zikiwa baridi, halafu unapanda au kushuka kidogokidogo kadiri unavyolisikia. Ukijaza 32 tairi linavimba katikati, linakanyagia ukanda mwembamba tu, na kila kokoto unalipokea mgongoni. Tairi laini za uwanjani nazo kwenye gari jepesi hazipati joto upesi, mizunguko ya kwanza utadhani unaendesha juu ya sabuni. Chukua za barabarani.

Bi_Kabureta
La maana hujaulizwa bado: hizo Weber umezisawazisha lini? Moja ikimeza hewa kuliko mwenzake, ukigusa mafuta tu gari linashtuka. Huhitaji kifaa cha ajabu. Chukua kipande cha mpira wa petroli, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Sikiliza mluzi. Hamia ya pili, sikiliza tena. Cheza na skrubu inayounganisha kabureta zote mbili mpaka miluzi ilingane. Yangu ilinisumbua msimu mzima. Nimebadilisha plagi, waya, kifuniko cha distributa, nikanuniana na kila mtu nyumbani, kumbe skrubu moja imelegea. Siku hizi sigusi kitu kingine kabla sijasikiliza kabureta.

Viti_Viwili
Asante dada, ila kabureta ziko sawa. Naomba turudi kwenye tairi.

Kicheko_Bure
Baba mkwe anakaa upande gani? Kama ni kushoto, gari linavuta huko kwa heshima.

Halafu halina milango, mzee anaingiaje? Nani anamnyanyua?

Viti_Viwili
Mkuu, anasimama kwenye kiti kwanza, anashika chuma cha kinga kichwani, kisha anateremsha miguu. Tumeshafanya mazoezi na gari likiwa limezimwa.

Mzee_wa_Busara
Kijana, mimi nitasema ambalo wenzako wanalionea haya. Gari lisilo na mlango, lisilo na mfuko wa hewa, breki zenyewe hazina msaada wa injini, unampakia mzazi wa mkeo? Ungekuwa peke yako ningenyamaza. Uza. Nunua gari lenye paa, mkae ndani mzungumze kama watu.

Viti_Viwili
Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia. Ila yeye ndiye aliyeomba, na kofia ngumu ameshanunua.

Dada_Spana
Wote mnapiga pembeni. Upepo wa 32 ni kosa, ndiyo, lakini upepo haufanyi gari livute huku likikanyagwa na kule likiachiwa. Hiyo ni eksele inayotembea.

Fuatilia. Eksele nzima inashikiliwa na mikono ya chuma inayokwenda mbele kwenye fremu, kila mkono una bushi za mpira mwanzo na mwisho. Ukikanyaga mafuta magurudumu ya nyuma yanaisukuma eksele mbele. Kama upande wa kushoto bushi imekufa au breketi inayoushika mkono kwenye fremu imelegea, gurudumu la kushoto linatangulia, eksele inakaa mshazari, nyuma inakwenda kulia na pua inageukia kushoto. Ukiachia, injini inavuta eksele nyuma, kila kitu kinageuka. Ndiyo maneno yako mwenyewe hayo.

Nina maswali mawili. Kwanza, umelala chini ya gari ukaangalia breketi za mikono upande wa kushoto? Pili, hilo gari limegonga kitu?

Viti_Viwili
Eksele niliifunga mwenyewe, kila nati nilikaza kwa spana ya toki na kuweka alama ya rangi. Alama zote ziko pale pale. Tairi nimeshaagiza zile laini, zinafika kabla ya Jumapili. Nilitaka tu mtu mwenye uzoefu nazo aniambie upepo.

Dada_Spana
Alama ya rangi inakwambia nati haijazunguka. Haikwambii chuma kilichoshikwa na nati hakijapasuka. Swali la pili hujajibu.

Mpenda_Kona
Mnanikumbusha mwaka ule nilipotoka na la kwangu mvua imetoka kukatika. Kona ndefu ya kulia, nikaona mwendo umezidi, nikaachia mafuta ghafla. Uzito wote ukakimbilia mbele, nyuma ikabaki nyepesi, nikajikuta natazama nilikotoka. Gari hili ukishaingia kona usiachie mguu kwa hofu. Punguza mwendo kabla, ukiwa umenyooka. Breki nayo ikanyage kwa nguvu ya mguu, hakuna kinachokusaidia. Na gurudumu likijifunga, legeza, kanyaga tena.

Kicheko_Bure
Ukajikuta unatazama ulikotoka, na waliokuwa nyuma yako wakajikuta wanakutazama wewe.

Kumbukumbu_Zangu
Kuhusu kuunganisha mwenyewe: Lotus walipolitoa hili gari mwaka 1957, Uingereza ilikuwa inatoza kodi gari lililokamilika, vipande vilipona. Ndiyo maana liliuzwa sana kama vipande. Inasimuliwa kwamba maelekezo ya kuunganisha hayakuruhusiwa, basi wakaweka maelekezo ya kufungua, mteja asome kinyumenyume. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham wakachukua haki za kulitengeneza na wanalitengeneza mpaka leo. Naona mleta uzi naye anatusimulia kinyumenyume.

Jicho_la_Tatu
Nimesoma uzi wote kimya. Wakuu, hii ni chai.

Mtu anasema nyuma ana eksele nzima ya Escort. Halafu anasema kemba ya nyuma kushoto ni chanya 1.5 na kulia sifuri. Eksele nzima ni bomba moja, gurudumu huku na gurudumu kule, hakuna pa kurekebisha kemba. Sifuri kwa sifuri, basi. Huyu hana gari. Kasoma mahali, kachanganya magari mawili, akaongeza baba mkwe ili tuhurumie.

Kicheko_Bure
Aisee. Na mimi nilikuwa nimeshamwonea mzee huruma.

Mzee_wa_Busara
Kama ni uongo ni aibu. Nimepoteza muda wangu kumshauri mtu na baba mkwe wa kubuni.

Bi_Kabureta
Ndiyo maana aliruka swali la kabureta!

Viti_Viwili
Jicho_la_Tatu, nikutukane ili iweje? Haya picha hizi hapa. Ya kwanza gari zima. Ya pili karatasi ya alaimenti. Ya tatu nimepiga chini, nyuma kushoto, breketi hiyo hapo, nzima kabisa. Mkimaliza mniombe radhi.

Jicho_la_Tatu
Picha mtu anaweza kuokota popote.

Dada_Spana
Jicho_la_Tatu, umesema jambo la kweli ukalipeleka pasipo. Ni sawa, eksele nzima haina kemba. Ndiyo maana hiyo 1.5 ndiyo sentensi ya maana kuliko zote kwenye uzi huu. Kama mashine imepima vizuri, basi bomba la eksele limepinda, au shafti ya gurudumu imepinda. Juu ya gurudumu limeegemea nje, maana yake chini lilisukumwa kuingia ndani. Gari liliteleza ubavu likakita gurudumu la nyuma kushoto kwenye kitu kifupi na kigumu.

Sasa kuzeni picha ya tatu. Tazameni safu ya riveti inayopita juu ya breketi. Kila kichwa kina duara jeusi, kama vumbi la penseli. Hilo si tope. Ni aluminiamu inayosagika kwa sababu bati na bomba vinachezeana. Nendeni picha ya kwanza, safu ya mbele: riveti safi zinang'aa. Rudini kwenye breketi. Pale weldi inapoishia kona ya juu, rangi ina ufa mwembamba wenye mstari wa kutu. Rangi ya unga haipasuki hivyo yenyewe, chuma chini yake kimefunguka.

Viti_Viwili, uligonga nini?

Mpenda_Kona
Nimekuza. Duh. Kweli.

Viti_Viwili
Haikuwa ajali ya kusema umegonga. Kulikuwa na mchanga kwenye kona, nyuma ikateleza, gurudumu likagusa ukingo wa zege. Mwendo mdogo. Rimu ilipinda, nikabadilisha rimu, nikazungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka. Sikuandika mwanzo kwa sababu nilijua mtaacha tairi mtaanza kuhubiri kuhusu mwendo, na mzee hapo juu ameshanithibitishia. Halafu kuvuta hakukuanza siku ile. Kulianza baadaye kidogo, ndiyo maana siviunganishi.

Dada_Spana
Kulianza baadaye kwa sababu ufa unakua. Siku ya kwanza ulikuwa wa kucha, kila ukikanyaga mafuta unaongezeka. Mwendo ulikuwa mdogo, sawa, ila nguvu yote iliingia pembeni, upande ambao mikono ile haikuundwa kuubeba.

Leo fungua dramu ya breki ya nyuma kushoto. Nataka kujua kama ndani kuna oili.

Viti_Viwili
Nimefungua. Kuna unyevu kidogo kwenye viatu vya breki chini. Nilidhani ni grisi niliyoweka mwenyewe.

Dada_Spana
Nusa.

Viti_Viwili
Inanuka oili ya difu, ile ya gia za eksele.

Dada_Spana
Basi. Shafti haikai katikati tena, imeila sili, oili inashuka kwenye viatu vya breki. Upande huo haushiki sawasawa na mwenzake.

Jicho_la_Tatu
Nafuta neno chai. Ila kuficha ukingo wa zege huku unauliza tairi, mkuu, hapo ulitujaribu.

Viti_Viwili
Nimeelewa. Nachofikiria ni hivi: weldi naipiga tena leo usiku, ninayo mashine. Sili naibadilisha. Jumapili naendesha taratibu, mizunguko michache mzee afurahi, baada ya hapo nashusha eksele kwa nafasi. Ameshawaambia wenzake wote.

Mzee_wa_Busara
Mpigie simu baba mkwe. Sasa hivi. Mimi nina umri wake, nakuhakikishia hatakasirika kwa kuahirishwa, atakasirika kwa kufichwa.

Bi_Kabureta
Hata mimi niliyeng'ang'ania kabureta nasema usiende.

Dada_Spana
Weldi juu ya ufa inakaa juu tu, ufa unaendelea chini yake. Breketi inasagwa yote mpaka chuma kinang'aa, unaangalia na bomba la fremu lenyewe kama halijachanika pembeni, ndipo unachomelea breketi mpya, na eksele iwe imewekwa mahali pake kwanza kwa vipimo. Chukua vipimo toka sehemu moja ya fremu hadi katikati ya eksele, kushoto na kulia. Vikitofautiana, ukichomelea unaifunga hitilafu humohumo.

Viti_Viwili
Nimepima na mtu ananishikia futi. Kushoto iko nyuma kwa milimita 9.

Nimempigia pia. Kauliza maswali mengi kuhusu eksele kuliko ninyi, akasema anakuja Jumapili kushika taa. Swali: bomba la eksele linaweza kunyooshwa au nitafute nyingine?

Dada_Spana
Wapo wanaonyoosha kwa moto na presi, na wapo wanaojua kazi hiyo kweli, lakini ukiipata nyingine nzima funga nyingine. Hamisha difu yako, weka beringi mpya na sili mpya pande zote mbili, bushi zote nane za mikono badilisha kwa pamoja. Boliti za bushi usizikaze gari likiwa hewani. Lishushe, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo mpira unabaki umejisokota. Kabla hujaishusha eksele, mrija wa breki unaotoka kwenye fremu uzibe kwa kifuniko cha mpira. Usiubane kwa koleo, unapasuka kwa ndani na huoni.

Viti_Viwili
Nilikuwa nimeshaushika na koleo. Naachia.