Texas: duka lililomuuzia mhalifu bunduki linashitakika?

Mtu_wa_Houston
Wakuu, kuna ubishi hapa. Mmoja anasema ukipigwa risasi na mhalifu, duka lililomuuzia bunduki huligusi, limekingwa kabisa. Mwingine anasema familia za waliouawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, zililipwa mamilioni. Nani yuko sahihi? Na inayotubana ni sheria ya jimbo au ya shirikisho?

Wakili_Kimya
Kila mmoja ameshika nusu. Juu kuna sheria ya shirikisho ya 2005, PLCAA, inayozuia madai dhidi ya watengenezaji na wauzaji pale mtu mwingine anapoitumia silaha kihalifu. Sheria nyingi za majimbo zilitangulia. New Orleans ilishtaki watengenezaji 1998. Mwaka uliofuata bunge la Louisiana likatunga sheria ya kuizima kesi hiyo, na 2001 mahakama ya juu ya jimbo ikaibariki.

Texas nayo ilitunga yake 1999, ila watu huisoma vibaya. Kifungu 128.001 kinazifunga mikono miji, kaunti na vyombo vingine vya serikali, visishtaki bila idhini ya bunge la jimbo. Raia wa kawaida hakatazwi na kifungu hicho. Yeye anagonga ukuta wa PLCAA.

Ukuta huo una milango, na unaotumika zaidi ni huu: muuzaji alivunja *kwa kujua* sheria ya uuzaji au utangazaji wa silaha, na uvunjaji huo ndio uliosababisha madhara. Sandy Hook ilipitia hapo. Mahakama ya juu ya Connecticut 2019 iliruhusu hoja ya matangazo kupitia sheria ya jimbo ya biashara isiyo ya haki. Dola milioni 73 za 2022 zilikuwa makubaliano, na waliolipa ni kampuni za bima za Remington, mtengenezaji wa bunduki iliyotumika. Hakuna jaji aliyetoa hukumu ya kiasi hicho. Upo pia mlango wa kasoro ya kiwandani, lakini aliyefyatua akiwa amekusudia uhalifu, unafungwa.

Dada_Rehema
Naongezea upande wa ushahidi, maana kesi hizi hufia hapo. Tafuteni Fomu 4473, ile anayojaza mnunuzi dukani. Swali la kwanza la kujiuliza: aliyejaza ndiye mnunuzi halisi, au alimnunulia mtu aliyekatazwa? Kesi ya Badger Guns, Milwaukee, ilisimama kwa sababu kijana wa miaka 18 alimtumia mwenzake kununua bastola na dalili zilikuwa wazi pale kaunta. Polisi wawili waliojeruhiwa kwa bastola hiyo walipewa na baraza la wazee wa mahakama karibu dola milioni 6 mwaka 2015. Bunduki kupatikana mkononi mwa mhalifu peke yake hakuthibitishi kitu.

Halafu gharama. Colorado ilikuwa na sheria ya kumlipisha mdai ada za mawakili wa muuzaji kesi ikitupwa. Wazazi wa binti aliyeuawa kwenye shambulio la ukumbi wa sinema wa Aurora, Colorado, 2012 waliwashtaki wauza risasi wa mtandaoni, wakaamriwa walipe takriban dola 203,000. Kwa maoni yangu ule ulikuwa ukatili mtupu. Jimbo liliifuta sheria hiyo 2023. Kabla ya kufungua kesi, ulizeni jimbo husika lina kifungu kama hicho.

Mtu_wa_Houston
Shukrani kwa shule. Kuna mfano wa Texas yenyewe?

Wakili_Kimya
Mauaji ya kanisani Sutherland Springs. Muuaji alinunua bunduki duka la Academy akionyesha kitambulisho cha Colorado, ambako magazini (kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki) ya risasi zaidi ya 15 ilikatazwa. Bunduki hiyo ilikuja na ya 30. Mahakama ya juu ya Texas 2021 ikasema sheria ya shirikisho inayohusu mnunuzi wa jimbo jingine inazungumzia bunduki, na magazini si bunduki. Kesi ikafa.

Familia zikageukia serikali ya shirikisho, kwa kuwa jeshi la anga halikuripoti hatia ya mtu huyo kwenye mfumo wa ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki. Huko zilishinda. Njia hiyo huanza kwa kupeleka dai la maandishi kwa taasisi husika ndani ya miaka 2, kabla ya kwenda mahakamani.

Dhidi ya duka, Texas inatoa pia miaka 2. Msisubiri: wakili aandike barua mapema kulitaka duka lihifadhi video, kwani kamera nyingi hufuta picha za zamani zenyewe.