Ulinganisho: kuhesabu kurasa, alama za OMR au Data Matrix kwenye mashine ya kukunja na kutia barua kwenye bahasha

BahashaKazi
Wakuu, naomba ulinganisho. Kazi ni taarifa za wanachama 6,000 kila mwezi: A4 ya gramu 80, upande mmoja, kurasa 1 hadi 4 kwa mtu, na kipeperushi kwa baadhi yao tu. Mashine ni ya mezani. Inakusanya, inakunja, inatia kwenye bahasha, inalowesha gundi na kufunga. Kuna njia tatu za kuijulisha kurasa zipi ni za mtu mmoja: kuhesabu tu, alama za OMR (vistari vinavyosomwa kwa mwanga), au kisomaji cha Data Matrix (msimbo wa mraba wenye vyumba vyeusi na vyeupe). Bei inapanda kwa mpangilio huohuo. Kazini tofauti yake ni nini hasa?

Rola
Kuhesabu kunafaa pale ambapo barua zote zina idadi moja ya kurasa. Kwako itabidi ugawe faili mafungu manne, na bado kuna hatari ya karatasi kuingia dabo. Chukua fungu la kurasa mbilimbili. Karatasi mbili zikishikana, mashine inazihesabu moja. Bahasha hiyo inapata kurasa tatu: mbili za Asha na ya kwanza ya Juma. Inayofuata inaanza na ukurasa wa pili wa Juma, inamalizia na wa kwanza wa mtu mwingine, na kuanzia hapo kila bahasha ina watu wawili mpaka fungu liishe. Hapo angalau kuna dalili: kidirisha cha bahasha kinatoka cheupe, hakina anwani. Fungu la ukurasa mmoja ni baya zaidi. Barua mbili zinaingia bahasha moja, anwani ya juu inasomeka vizuri, na hesabu ya bahasha inapungua moja tu. Usipolinganisha kaunta na faili, hutajua.

Sensa ya dabo inasaidia, lakini ile ya mwanga inapima mwanga unaopenya karatasi. Ikikaa juu ya nembo yenye rangi nzito, itasimamisha mashine bila sababu, na mtu ataizima kwa hasira. Isogeze ikae kwenye sehemu tupu ya karatasi.

Mchapaji
Kwa 6,000 OMR inatosha. Ni vistari vyeusi vya ulalo pembeni mwa karatasi. Cha kwanza kinasema "anza kusoma", kimoja kinasema kundi limekamilika, kingine ni cha kukagua idadi ya vistari, kimoja kinaita kipeperushi, na vitatu ni namba ya mfuatano. Vitatu vinatoa namba 0 hadi 7, kisha zinarudi mwanzo. Ukurasa mmoja ukipotea, namba inaruka na mashine inasimama palepale.

Mambo mawili huharibu kazi. La kwanza ni "fit to page" kwenye printa. Nafasi kati ya vistari mara nyingi ni milimita 4.23, yaani sehemu ya sita ya inchi. Printa ikipunguza ukurasa hadi asilimia 97, kila nafasi inapungua milimita 0.13, na kufikia kistari cha saba umeshahama karibu milimita 0.8, bado hujahesabu ukurasa wote kusogea kutoka ukingoni. Weka asilimia 100 na upime kwa rula. La pili ni mpangilio: mashine inayoanza na ukurasa wa mwisho inataka alama ya kufunga kundi iwe kwenye ukurasa wa kwanza. Ukikosea hapo, ukurasa wa mtu mmoja unahamia kwa jirani yake, tena kwa utaratibu kabisa.

DataMraba
Mkuu Mchapaji, nakubali kuhusu ukurasa mmoja kupotea. Sikubali kwamba inatosha. Mfuatano wa 0 hadi 7 haumjui mtu. Karatasi zikikwama, opereta akatoa rundo na kulirudisha mahali pasipo pake, kuna nafasi moja kati ya nane kwamba namba itakubaliana na mashine itaendelea. Kurasa nane kamili zikidondoka, haioni kitu.

Data Matrix inabeba utambulisho wenyewe. Tarakimu 16 zinatosha: namba ya kazi 4, namba ya bahasha 6, ukurasa wa ngapi 2, jumla ya kurasa 2, kipeperushi 1, akiba 1. Zote zinaingia kwenye mraba wa vyumba 14 kwa 14. Kwenye printa ya nukta 300 kwa inchi, fanya kila chumba nukta 6 kamili, mraba utakuwa na upana wa milimita 7.1. Chumba kisipogawanyika sawa kwa nukta, kingo zinatoka zikiwa na meno na kisomaji kinaanza kukataa. Acha milimita 3 tupu kuuzunguka, ingawa kiwango kinadai upana wa chumba kimoja tu.

Faida kubwa ni kumbukumbu. Mashine inaandika kila bahasha iliyofungwa, na mwisho unalinganisha na faili: zilizochanika ni namba hizi, chapisha hizo tu. Taarifa ina salio la mtu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Salio la Asha likimfikia Juma, unahitaji kujua lilipitia bahasha ipi.

MamaKarani
Samahani, mnazungumzia alama tu, wakati kinachosimamisha mashine kila siku ni bahasha. A4 ikikunjwa sehemu tatu sawa ni milimita 99 kwa 210. Bahasha ya DL ni 110 kwa 220, kwa hiyo nafasi ni 11 juu na 10 pembeni. Kurasa nne na kipeperushi zikikunjwa hazilali bapa, zinachanua na kugonga ukingo wa mdomo. Chukua C6/5, ambayo ni 114 kwa 229. Ila kuna gharama yake: barua sasa inateleza milimita 15 kwa 19 ndani ya bahasha. Kidirisha cha 35 kwa 90 kinabakiwa na 20 kwa 71 ambazo anwani haitakatwa hata barua ikitelezea upande gani. Kwa herufi za pointi 10 na mwachano wa pointi 12, hiyo ni mistari minne: jina, S.L.P., mji, nchi. Wa tano utakatwa. Kwenye DL mitano inaenea.

Jaribu hivi: funga bahasha, igonge mezani pande zote nne, kila mara tazama kidirisha. Anwani yote ionekane, na namba ya akaunti isichungulie kamwe.

Rola
Dada yuko sahihi kabisa. Niongeze hali ya hewa. Dar, Tanga, Mombasa: unyevu unaamsha gundi na ulimi wa bahasha unajishika ukiwa bado kwenye boksi. Usifungue maboksi yote kwa pamoja. Karatasi nayo ikae kwenye kifungashio chake hadi saa ya kuchapisha, na ikitoka kwenye printa ya leza ipoe, uipepete kabla ya kuiweka kwenye trei, maana hutoka imejikunja kidogo na ina umeme tuli.

Rola za msuguano zinatosha kwa gramu 80. Kipeperushi cha karatasi ya kung'aa ndicho kinachoteleza au kuingia dabo. Hapo ndipo trei ya kunyonya kwa hewa inapostahili bei yake. Ukibaki na rola, rekebisha kitenganishi (kinachoruhusu karatasi moja moja kupita) kwa kipeperushi chenyewe, usitumie A4. Rola zikianza kung'aa ni vumbi la karatasi na tona. Futa kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili. Thina na petroli zinavimbisha mpira. Maji ya tangi la kulowesha gundi badilisha kila siku, la sivyo brashi inaota ukungu na gundi inalowa upande mmoja.

Posta_Mpangilio
Kabla ya kuchapisha, panga faili kwa msimbo wa posta, kisha namba ya sanduku. Mashine inatoa bahasha kwa mpangilio uleule, hivyo huhitaji kuzipanga baadaye. Namba ya sanduku ipangwe kama namba. Ikipangwa kama maandishi, 1000 inatangulia 200. Msimbo wa posta ni kinyume: uwe maandishi, kwa sababu Excel inaifanya 00100 ya Nairobi kuwa 100.

Na uzito: karatasi moja ni gramu 5. Nne ni 20 kabla ya bahasha. Wa kurasa nne watoe peke yao, maana posta hutoza kwa ngazi za uzito.

BahashaKazi
Asanteni sana. Naelekea Data Matrix na C6/5. Majaribio ya kwanza yafanywe kwa ngapi?

DataMraba
Bahasha 50 zenye mchanganyiko wa kurasa 1, 2, 3 na 4, nusu ziwe na kipeperushi. Halafu haribu kwa makusudi: ondoa ukurasa mmoja, rudia mwingine mara mbili, badilishana nafasi za kurasa mbili, na gandisha karatasi mbili kwa tone la gundi. Mashine isimame mara zote nne. Ikipitisha hata kosa moja kati ya hayo, usisaini hati ya mapokezi. Kisha fungua zote 50 kwa mkono, ulinganishe na kumbukumbu.

MamaKarani
Na kati ya hizo 50, mbili ziwe na anwani ndefu kuliko zote kwenye faili lako.