Kuhoji mwandishi wa kitabu kipya redioni: maswali yatoke wapi?

Mado_Kamalondo
Jambo kwenu wote. Tunaanzisha kipindi cha vitabu kwenye redio moja ya mtaa hapa Lubumbashi, dakika 20 kila juma: kwanza uhakiki wa kitabu kipya, halafu mazungumzo na mwandishi. Vitabu vingi ni vya Kifaransa, mazungumzo tunayataka kwa Kiswahili. Shida ni mbili. Uhakiki unageuka muhtasari wa hadithi. Na mwandishi ukimuuliza kilichomsukuma kuandika, anarudia hotuba ya siku ya uzinduzi. Mnajipanga namna gani?

Mhariri_Katuba
Dada Mado, tenganisha kazi hizo mbili. Uhakiki uandikwe na kumalizika kabla hujaonana na mwandishi. Ukishazungumza naye, utaanza kutetea alichokusudia badala ya kupima alichoandika.

Soma mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili weka karatasi pembeni: namba ya ukurasa, maneno matatu au manne, basi. Riwaya ya kurasa 200 ikupe alama 25 au 30. Zikifika 100, bado hujachagua. Angalia nani anasimulia na anajua kiasi gani, wapi muda unaruka, na wapi ulichoka. Pale ulipochoka pana thamani kubwa. Rudi kurasa tano nyuma, mara nyingi kosa liko huko: mhusika aliingizwa akasahauliwa, au mwandishi anaeleza kwa maneno jambo alilokwisha kulionyesha.

Muhtasari upewe sentensi nne tu, na usivuke theluthi ya kwanza ya kitabu. Dakika nne za kusoma polepole hewani ni maneno kama 450, hakuna nafasi ya zaidi. Nukuu kipande kimoja kifupi, kisha onyesha kinavyofanya kazi. Halafu futa kila "kizuri", "kinagusa", "cha kuvutia". Kama hakuna kilichobaki, rudi kitabuni. Taja pia mchapishaji, bei, na mahali kinapouzwa. Msikilizaji wa mtaa wa Ruashi atataka kujua pa kukipata.

Yaya_Clarisse
Papa Mhariri amesema kweli. Upande wa mazungumzo: swali lianze na ukurasa, siyo na wazo. "Kitabu chako kinazungumzia uhamiaji, unasemaje?" ni mlango wa hotuba. Linganisha na hili: "Ukurasa wa 47 mama anafunga duka bila kusema neno. Katika rasimu za kwanza alikuwa anasema kitu?" Hapo mwandishi analazimika kukumbuka meza yake, na hotuba haina pa kuingilia.

Maswali ya kazi yanazaa sana: sehemu gani iliandikwa kwanza, sura gani iliondolewa na kwa nini, msimulizi alibadilika lini, nani alisoma kabla ya mchapishaji na alipinga nini. Andaa kumi na mawili, utatumia sita au saba. Usiunganishe mawili kwa pumzi moja, maana atajibu lile jepesi. Akimaliza kujibu, nyamaza sekunde tatu au nne. Wengi huongeza sentensi moja, na hiyo ndiyo utakayoiweka hewani.

Usimuulize "haya ni maisha yako?" Atajifunga, na nina hakika ana haki ya kujifunga. Muulize alibadilisha nini ili tukio lisimame kitabuni.

Kuhusu lugha: asome mwenyewe aya moja kwa Kifaransa, isiyozidi dakika moja na nusu, halafu aisimulie kwa Kiswahili bila kuangalia kitabu. Usimpe tafsiri iliyoandikwa. Anapotafuta neno, msikilizaji anasikia jinsi anavyofikiri.

Mado_Kamalondo
Asante sana, Yaya. Je, nimtumie maswali mapema? Wengine wanadai. Na kama mwandishi yuko ng'ambo?

Yaya_Clarisse
Usitume maswali. Tuma mada tatu na namba za kurasa utakazogusa, siku mbili kabla. Atazisoma upya, na majibu yatakuwa mabichi.

FundiSauti_Bel-Air
Mimi ningetuma hata maswali mawili ya kwanza kwa mwandishi wa kitabu cha kwanza, woga hupungua. Mengine Yaya amepatia.

Ng'ambo: mwandishi kama Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981, anaishi Graz, Austria. Wakati wao wa baridi sisi tuko mbele kwa saa moja, majira yao ya joto tunalingana. Kinshasa daima iko nyuma yetu kwa saa moja. Miadi iandikwe kwa tarakimu, "16h00 ya Lubumbashi", maana "saa kumi" kila mtu anaielewa kivyake.

Usirekodi sauti inayopita kwenye WhatsApp, intaneti ikilegea maneno yanamezwa. Kila mmoja arekodi upande wake kwa telefone ya pili, iliyowekwa katika hali ya ndege, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili herufi "p" isipige mikro. Mwanzoni hesabuni pamoja mpaka tatu, kila mmoja apige makofi mara moja upande wake. Makofi hayo yatakusaidia kulinganisha sauti mbili. Hayatalingana kabisa kwa sababu simu huchelewesha, kwa hiyo malizia kwa sikio. Kisha atume faili kama hati, siyo kama ujumbe wa sauti, isibanwe. WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya mono, yaani njia moja ya sauti, 44,100 Hz na biti 16, inakula karibu MB 5.3 kwa dakika: mazungumzo ya dakika 40 ni zaidi ya MB 210. Kama mega zake za intaneti ni chache, MP3 (faili iliyobanwa) ya kbps 128 inatosha, karibu MB 38.

Chumba kiwe na mapazia, godoro au nguo nyingi. Ukuta mtupu na bati vinarudisha mwangwi, na mwangwi ni mgumu kuondoa kabisa kwa programu. Chaji betri mbele, na usiwe karibu na jenereta. Kabla ya kuagana rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba, utazihitaji kuziba mahali ulipokata.

Mhariri_Katuba
Kuhusu kukata: kutoka dakika 40 kwenda 12 usikate katikati ya jibu mpaka likasema kinyume. Ondoa jibu zima. Na mwandishi akiomba kusikiliza kabla ya kurushwa, mkubalie arekebishe majina, tarehe na nukuu, basi. Uhakiki haumhusu kabla haujatoka, hata akiwa rafiki. Akiwa rafiki wa karibu, mpe mwenzako aandike.